Visindano Visivyoyeyuka

Kwanza mjue kwamba mkono wa yule mama haukuwa na mpinzani. Miaka ishirini na sita alikaa kwenye chumba kilekile cha chanjo, juu ya kiti kilekile chenye mguu uliofungwa waya, na katika miaka yote hiyo watoto waliolia mikononi mwake walikuwa wa kuhesabu. Sindano iliingia ikatoka, mtoto bado anamwangalia usoni akingoja achekeshwe. Akina mama wakampachika jina la Pamba, na jina likaganda mpaka kwenye karatasi ya zamu, maana hata mganga mkuu wa zahanati aliandika hivyohivyo: Pamba, Jumatatu asubuhi, Pamba, Alhamisi mchana. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti na kwa marehemu mumewe.

Na maringo alikuwa nayo, tusidanganyane. Ukimsifia atakwambia, "Aa, kawaida tu," huku shingo inarefuka. Meza ya pili ya chumba kile ilikuwa ya muuguzi mwenzake, msichana mwenye mikono minene na moyo mzuri, ambaye watoto walimlilia hata kabla hajawagusa. Huyo akina mama walimwita Nyundo. Pamba alipenda kumtania: "Nyundo, wewe ungesomea ufundi seremala, mbao hazilii." Nyundo anacheka, anaendelea na kazi.

Basi ikaja habari ya vibandiko. Alivileta kijana mmoja mwembamba mwenye miwani mikubwa, mtaalamu aliyetumwa kufundisha wauguzi, nao wakampa jina la Miwani kabla hajafungua begi. Akawaonyesha kitu kidogo, duara, ukubwa wa sarafu. Upande wa juu ni plastiki laini. Upande wa chini vimesimama visindano zaidi ya mia, vifupi kiasi kwamba jicho tupu linaviona kama vumbi. Vimetengenezwa kwa sukari iliyochanganywa na chanjo yenyewe ya surua. Unakibandika kwenye mkono wa mtoto, unakikandamiza kwa kidole gumba, visindano vinatoboa ngozi ya juu tu na kuyeyuka humohumo. Dakika tano, unakibandua. Hakuna bomba la sindano, hakuna barafu ya kuhifadhia, wala damu haitoki.

"Lakini mkandamize kwa uzito wa bega," Miwani akasema. "Kama mtu anayefunga sanduku la safari lililojaa kupita kiasi. Ukikandamiza kwa huruma, visindano vinalala juu ya ngozi, haviingii. Mtoto atalia kidogo. Mwacheni alie."

"Mwanangu," Pamba akamwambia, "mimi nilianza kuchoma watoto wewe hujaota hata meno. Huenda wewe mwenyewe nilikuchoma."

Chumba kizima kikacheka, na Miwani naye akacheka. "Kama ni wewe, mama, ahsante sana. Ila hii siyo sindano. Ni kitu kingine."

Akawapa kila mmoja kipande cha ngozi ya kiatu wajaribu. Alipofika kwa Pamba akainama, akatazama, akasema, "Ongeza nguvu, mama." Pamba akaongeza kidogo. "Ongeza tena." Hapo chai ikaingia, watu wakainuka, na Miwani akaweka alama ya vema mbele ya jina lake, kwa sababu nani atamfelisha mama wa miaka ishirini na sita ya kazi mbele ya wenzake? Jambo la mwisho alilosisitiza ni lenzi. Kila kibandiko kikibanduliwa kitazamwe kwa lenzi. Kikiwa kimelainika, mtoto amepata chanjo. Kikiwa bado na visindano, hajapata, rudia kwa kipya. Baada ya hapo kila kimoja kitiwe kwenye bahasha yenye namba ya mtoto, naye atapita baada ya wiki sita kuvichukua.

Siku ya chanjo ilipofika foleni ilitoka mlangoni ikapinda ukuta. Lenzi ilikuwa moja, imewekwa katikati ya meza mbili. Nyundo alikandamiza kama alivyoambiwa, kwa bega zima, na watoto wakapiga mayowe mpaka mbwa wa mtaa wa pili wakajibu. Haikuchukua muda foleni ya Nyundo ikaanza kuhama. Mama mmoja akaondoka kimyakimya, wa pili akamfuata, na wote wakaangukia kwa Pamba, ambako kulikuwa na amani. Pamba anabandika, anagusa kwa kidole gumba kwa ule upole wake, anamwimbia mtoto jina lake, dakika tano, tayari. Mtoto anaondoka anacheka.

"Mama, lenzi hii hapa," Nyundo alimwambia mara mbili.

"Niachie. Nikimaliza foleni nitavipitisha vyote kwa pamoja."

Karibu na mwisho akaingia binti yake, mtoto wake wa pekee, amembeba mjukuu. Mjukuu alikuwa na miezi tisa na siku nne, na alikuwa na tabia ya kukunja paji la uso kama mama mwenye nyumba aliyekuja kukagua vyumba vyake. Ndiyo maana bibi yake alimwita Bi Mkubwa, na akitaka kumchokoza alimwita mke mwenzangu.

"Mke mwenzangu amekuja kunitoa kwenye ndoa," Pamba akasema, na akamweka mapajani, akambandika.

Kwa huyu kidole kilikuwa chepesi kupita kwa wote. Bi Mkubwa akatazama kibandiko, akamtazama bibi, akacheka kwa fizi na meno mawili. Binti yake akajawa na furaha. "Mama, hata uso hakukunja. Nilikuwa nimejiandaa kulia naye."

"Kwa mkono gani alie?" Pamba akasema, akajinyanyulia kidole gumba, na akina mama waliokuwa nyuma wakacheka.

Jioni miguu ilikuwa imemvimba na mgongo unawaka moto. Alikuwa na vibandiko thelathini na viwili kwenye sinia. Akavitia kwenye bahasha kimoja kimoja, akaandika namba kwa mwandiko wake mzuri, akafunga. Lenzi ilikuwa pale. Taa ilikuwa inawaka. Ni kazi ya dakika ishirini tu, na hakuifanya, kwa sababu hakuona sababu ya kuukagua mkono wake mwenyewe. Mimi hilo linaniuma mpaka leo, sijui yeye.

Wiki ya tatu surua ikaingia mjini. Ilianzia darasa moja la shule ya awali, ikaruka ukuta, ikawa nyumba hadi nyumba. Pamba hakutishika. Binti yake alipompigia simu kwamba mtoto ana homa na macho yamekuwa mekundu, akamjibu kwa sauti ya kikazi: "Hayo ni mafua tu, mwanangu. Mpe maji mengi. Surua haimpati, nimemchanja kwa mkono wangu." Ikapita siku moja, ikapita ya pili. Siku ya tatu akaenda mwenyewe, akamkuta Bi Mkubwa amelala begani kwa mama yake hana hamu ya kumkunjia mtu uso, na nyuma ya masikio vipele vimeanza kushuka kuelekea shingoni. Akashika fremu ya mlango.

Wakampeleka hospitali. Surua ilikuwa imeshateremka mapafuni. Siku nne mtoto alivuta pumzi kwa tabu, mbavu zinaingia na kutoka, na mama yake hakumshusha mapajani hata kwa kula. Siku ya tano, saa nne asubuhi, jua limejaa wodini na mfagiaji anapiga deki kati ya vitanda, Bi Mkubwa akaacha kuvuta. Mama yake aliendelea kumpepea kwa kipande cha boksi. Alimpepea kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyethubutu kumshika mkono.

Daktari alikuja akakaa nao kitandani. Hakuwa mtu mbaya. Akawaeleza kwamba chanjo haimshiki kila mtoto. Katika wengi wanaochanjwa wapo wachache ambao miili yao haiipokei, na hakuna anayejua kwa nini, na kwamba familia haikukosea lolote. Binti akayashika maneno hayo kama mtu anayeshika ukuta gizani. Siku zote za msiba aliyarudia kwa kila aliyekuja kumpa pole. "Tulifanya kila kitu. Alichanjwa kwa wakati, tena na bibi yake mwenyewe. Ni mwili wake tu haukuipokea." Kisha anamgeukia mama yake: "Si ndiyo, mama?"

"Ndiyo, mwanangu," Pamba anajibu, na alikuwa anaamini.

Wanawake waliojaa sebuleni nao wakamuunga mkono. Angalau alikuwa na bibi muuguzi, walisema. Angalau mtoto hakuteswa na sindano duniani. Binti alihamia kwa mama yake kwa muda, maana nyumbani kwake asingeweza kupita karibu na kitanda cha mtoto, na mumewe, fundi wa friji, alikuja kila jioni baada ya kazi, akakaa naye bila kusema mengi. Kidogo kidogo akaanza kula. Akaanza kulala saa mbili, saa tatu mfululizo. Kilichomlaza kilikuwa kile kisemo cha daktari, na Pamba alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyekuwa akimsikia akijinong'oneza kabla macho hayajafumba.

Siku ya tisa baada ya maziko Pamba akarudi kazini. Nyundo alimkumbatia mpaka mifupa ikalia, akamwambia asihangaike na foleni, akae tu na makaratasi. Na makaratasi yalikuwepo: wiki ya sita imekaribia, Miwani atapita kuchukua bahasha, orodha inatakiwa. Akalitoa boksi la bati kabatini, akavaa miwani ya kusomea, akaanza kuandika namba.

Bahasha moja gundi yake ilikuwa imeachia. Kibandiko kikamdondokea kiganjani, upande wa chini juu. Akakishika, na kwa mazoea tu ya mtu anayefuta uchafu, akapitisha ncha ya kidole. Kilikwaruza kama ulimi wa paka.

Akakaa nacho. Akafungua bahasha ya Nyundo, akapitisha kidole: laini, mithili ya kifungo cha shati. Akafungua nyingine ya Nyundo, laini. Akafungua ya kwake, inakwaruza. Ya kwake tena, inakwaruza. Akaivuta lenzi, akawasha taa, akatafuta namba ishirini na saba, ambayo hakuhitaji kuisoma kwenye daftari. Visindano vya Bi Mkubwa vilikuwa vimesimama safu kwa safu, vizima vyote, na chanjo yote ndani yake. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye ngozi ya mtoto yule.

Alijua palepale. Hakuhitaji Miwani amweleze. Ule upole uliompa jina, ule aliousifia mbele ya foleni nzima, ulikuwa umewapapasa watoto thelathini na wawili na kuwarudisha kwa mama zao mikono mitupu. Na ile simu. Mpe maji mengi. Surua haimpati.

Nyuma ya zahanati kuna tanuri la kuchomea taka, na siku hiyo lilikuwa linawaka. Sitamsingizia kwamba hakufikiria. Alilichukua boksi, akalikumbatia kifuani, akatoka nalo mlango wa nyuma mpaka kwenye mlango wa chuma wa tanuri, akasimama pale joto linampiga usoni. Boksi limepotea katika siku za msiba. Nani atamuuliza mama aliyefiwa? Miwani atalalamika siku mbili, atanyamaza. Hatamwaga unga kazini, jina litabaki, na zaidi ya yote yule aliyeko nyumbani ataendelea kulala zile saa tatu zake. Hilo la mwisho ndilo lililompeleka mkono kwenye komeo, na ndilo lililokuwa gumu kulijibu. Amchukulie mtoto, halafu amchukulie na usingizi?

"Mama Pamba, pole kwa msiba."

Alikuwa mwanamke mmoja fundi cherehani, amekatiza nyuma ya jengo kwenda msalani, mtoto mgongoni. Akasema hataki kumsumbua, ana swali moja tu. Jirani yake ukuta kwa ukuta watoto wawili wana surua. "Lakini wangu si keshapata, mama? Wewe ndiye uliyembandika. Mimi hata sijamhamisha, nimewaambia watu kwamba wangu alichanjwa na Pamba, wanaogopa bure."

Mtoto mgongoni alikuwa amelala, shavu limebonyea, mdomo wazi. Pamba alimtazama muda ambao fundi cherehani aliuona mrefu.

"Mlete kesho asubuhi mapema," akasema. "Na leo usimwingize kwa jirani. Usiniulize sasa, mama, nakuomba. Mlete."

Akarudi ndani na boksi lake. Akamwambia Nyundo afungue daftari na atoe majina thelathini na moja, na anwani zao, na simu zao. Nyundo akalitazama boksi, akaitazama lenzi, akapitisha kidole chake mwenyewe juu ya kibandiko kimoja, na machozi yakamtoka kabla ya maneno.

"Mama, tunaweza kusema vilikuja vibovu. Mzigo mwingine ulikaa juani. Nani atajua?"

"Vyako vimeyeyuka vyote."

"Nitasema na vyangu vingine havikuyeyuka."

"Mwanangu," Pamba akamwambia, "ukisema hivyo watavirudisha vyote vilivyobaki, na hao thelathini na mmoja tutawapa nini kesho? Andika majina."

Mganga mkuu alimsikiliza akiwa amesimama. Akauliza maswali mawili, akakaa, akavua kofia yake akaiweka juu ya meza. Watoto wote waitwe kesho, akaamua, Nyundo ndiye atakayewabandika. Yeye Pamba asiguse mtoto mpaka hapo watakapoamua wakubwa. Pamba akasema sawa. Akaomba jambo moja: asipigiwe simu mtu yeyote kabla ya jioni. Habari ya namna hii ingefika nyumbani kwake mapema kuliko yeye, nayo ilipaswa kutoka kinywani mwake.

Alimkuta binti yake sebuleni, anashona kifungo kwenye ovaroli ya mumewe. Siku ile ndiyo kwanza alikuwa ameoga bila kuambiwa.

"Umewahi leo, mama. Nimebakiza chai kwenye chupa."

"Iweke kwanza hiyo ovaroli."

Binti akaiweka. Pamba akakaa, akasimama, akakaa tena. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa ulimi ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mwisho akayatoa hivyohivyo bila mpangilio: boksi, kidole, lenzi, namba ishirini na saba. Vya Nyundo vimeyeyuka. Vyangu vimebaki.

Binti alisikiliza kwa utulivu, kama mtu anayeambiwa habari za nyumba ya watu wengine.

"Daktari alisema wapo watoto ambao haiwashiki."

"Wapo. Wako hakuwa mmoja wao. Haikuingia mwilini mwake hata kidogo."

"Ulimbandika. Nilikuwepo. Nilikuona."

"Nilimbandika. Sikumkandamiza."

Nje kuna mtu alikuwa anapiga misumari, anatulia, anapiga tena. Kisha binti akakunja mkono wa gauni lake na kuunyoosha mkono mbele ya mama yake. "Nionyeshe ulivyofanya."

"Mwanangu."

"Nionyeshe."

Pamba akaweka kidole gumba juu ya mkono wa binti yake, palepale alipokuwa ameweka kwa mtoto, na akakandamiza vilevile, kwa mkono wake ule uliosifiwa miaka yote.

"Hivi tu?"

"Hivi tu."

"Na ulitakiwa ufanye vipi?"

Pamba akainuka kidogo kwenye kiti, akatia bega. Binti akakunja uso kwa maumivu. Alipoondoa kidole pakabaki duara jeupe, likajaa damu polepole, likawa jekundu. Wote wawili walikuwa wanalitazama.

"Hata kwa kukandamizwa hivi," binti akasema, "angelia, ningemnyonyesha, angenyamaza."

Hapo ndipo Pamba alipolia. Alikuwa hajalia hivyo hospitalini wala makaburini, kwa kuwa huko alikuwa bibi na muuguzi na mama wa mfiwa, mtu wa kushikilia wengine. Alilia kwa sauti mbaya, mdomo wazi. Akasema samahani, akalisikia neno lilivyo dogo, akalirudia kwa sababu hakuwa na jingine. Akasema na ile simu, mwanangu, ile simu niliyokwambia ni mafua. Binti hakumnyamazisha wala hakumgusa. Alikuwa ameuteremsha mkono wa gauni na ameushikilia kwa mkono mwingine.

"Wangapi wengine?" akauliza baadaye.

"Thelathini na mmoja. Wanaitwa kesho."

"Wote wako hai?"

"Mpaka leo wote wako hai."

"Basi kalale, uamke mapema." Akaiokota ovaroli. "Na usiongee na mimi, mama. Nakuheshimu, lakini usiongee na mimi."

Usiku ule hakuna aliyesikia mtu akijinong'oneza.

Asubuhi uwanja wa zahanati ulijaa kabla ya saa moja. Pamba alikataa kujificha ofisini. Alisimama langoni na orodha, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, na kila mama aliyeingia alimwambia mwenyewe, ana kwa ana: chanjo haikuingia, kosa ni langu, siyo dawa, mwenzangu atarudia. Wengine waliitikia kwa kichwa bila kuelewa. Wengine walielewa sana. Fundi cherehani alimtazama juu mpaka chini, akasema, "Na mimi nilikuwa nakutangaza," akapita. Baba mmoja alimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, naye aliyapokea, akaweka alama kwenye jina la mtoto wake, akamwelekeza meza.

Ndani Nyundo alikuwa peke yake, jasho linamtiririka, anakandamiza kwa bega zima. Kila kibandiko kikitoka, lenzi. Mayowe yalitoka madirishani bila kukatika, na akina mama waliokuwa wakiyakimbia wiki sita zilizopita sasa walikuwa wanayasikiliza mmoja mmoja na kushusha pumzi.

Ilipofika saa nne walikuwa wamebaki wawili kwenye orodha, mapacha. Mama yao akaingia nao langoni mbiombio, mmoja mbele, mmoja mgongoni, hana msaidizi, amechelewa kwa sababu alitoka zamu ya usiku kiwandani. Uwanja mzima ulikuwa na mikono iliyoshika watoto. Pamba akanyoosha yake, na mwanamke yule akarudi nyuma hatua moja. Pamba akaishusha.

"Nipe mmoja," mtu akasema nyuma yao.

Alikuwa binti yake. Hakuna aliyemwona akiingia langoni. Amevaa gauni lilelile la jana, viatu havifanani. Watu walimjua, mji wote ulimjua kwa msiba ule, na sauti zikashuka kama redio iliyopunguzwa. Mama wa mapacha akamtazama, akafungua mbeleko, akampa yule wa mgongoni, na binti akamweka begani kwa namna ambayo mikono yake ilikuwa bado inaikumbuka, akaingia naye ndani, akakaa mbele ya Nyundo.

Pamba alisimama mlangoni. Nyundo akabandika, akatia bega. Mtoto akakauka kwanza, kisha akaachia kilio kile cha watoto wanaodhulumiwa, akageuza kichwa huku na huku akitafuta titi, akalipata gauni, akalivuta kwa mdomo. Na maziwa yakatoka. Siku kumi tangu azike, na yakatoka yenyewe, madoa mawili yanayopanuka mbele ya gauni, yanateremka mpaka tumboni. Binti alijitazama. Hakuwa na nguo ya kujifunika wala mkono wa kujifunikia, maana dakika tano zilikuwa hazijaisha na mtoto alitakiwa ashikwe asitikisike. Akabaki ameshika, macho ameikodolea saa ya ukutani, midomo ameiuma, chumba kizima kinamtazama.

Pamba akafungua vifungo vya koti lake jeupe. Akaingia, akapita kati ya watu, akamzungushia binti yake mabegani, akalivuta mbele mpaka likafunika madoa na nusu ya mtoto. Hakusema kitu, maana alikuwa ameambiwa asiongee. Binti hakumtazama, ila alisogeza kiwiko kidogo ili koti lisidondoke.

"Bado dakika mbili," Nyundo akasema.

Pamba akatoka kwenda kumshika mkono mama wa mapacha, ambaye sasa alikuwa analia yeye, na pacha wa pili akapelekwa mezani.